Mahame ya Rosal, au kwanini nilisoma jiografia na historia ya Uskoti kwa pamoja

Mwalimu wetu wa jiografia alisimama mlangoni mwa minibasi akatuambia leo msianze na mawe, anzeni na majani, angalieni rangi. Tulikuwa Rosal, ndani ya bonde la Strathnaver, kaskazini kabisa mwa Uskoti, mwezi wa nne lakini baridi ya kukata masikio, upande mmoja misonobari ya kupandwa imesimama kwa mistari, ng'ambo ya mto mlima wa kahawia mtupu hadi juu, na pale katikati tulipo kuna kipande cha ardhi cha kijani, kijani kile cha mpunga unapoanza kushika. Nikauliza huu ukijani umetoka wapi wakati kote huku ni kahawia. Akajibu neno moja, samadi.

Nikachuchumaa nikachomeka vidole kwenye udongo. Mweusi, laini, unavunjika vizuri mkononi. Nikatembea kama hatua hamsini mpaka nje ya ule ukijani nikachomeka tena, vidole vikaingia kwenye kitu kama sifongo lililolowa, udongo wa kinamasi wenye asidi ambao nyasi nzuri haziutaki kabisa. Hatua hamsini tu. Ile tofauti watu waliitengeneza kwa mikono yao, vizazi na vizazi, samadi ya ng'ombe, majivu, hata nyasi za paa kuukuu zilizoshiba moshi walikuwa wanazishusha wanazitandaza shambani kabla ya kuezeka upya. Waliondolewa na mwenye ardhi kati ya 1814 na 1818. Miaka mia mbili imepita na majani bado yanaonyesha shamba lilipoishia.

Sasa sisi kwa Kiswahili tuna neno la sehemu kama ile, tunaita mahame. Wenzangu darasani walikuwa wanazunguka na maneno matatu manne kueleza kijiji kilichoachwa, mi neno ninalo tangu utotoni, maana babu yangu ana mahame yake Newala, na ukitaka kuyaona hutafuti mawe wala kuta, unatafuta mikorosho. Ntarudi huko.

Naandika haya kwa sababu wadogo zangu kadhaa wananiuliza kila mara nilisoma nini hasa kule Glasgow, na nikijibu "jiografia na historia ya Uskoti, degrii moja, nusu kwa nusu" wanakaa kimya kidogo halafu wanauliza kama nilikosa kozi nyingine. Mjomba wangu, aliyechangia nauli yangu na ambaye namheshimu sana, aliniuliza wazi kabisa: "Jiografia sawa mwanangu, utapata kazi ya ramani, lakini historia ya Waskoti ya nini wakati hii yetu wenyewe hatujaimaliza?" Ni swali la haki kabisa na nimechelewa miaka mingi kumjibu.

Kwanza mjue mfumo wa kule. Degrii yao ya kwanza ni miaka minne, na mwaka wa kwanza unachukua masomo matatu, sio moja, hata kama umeomba jiografia lazima ujaze nafasi mbili nyingine, halafu kwenye miaka miwili ya mwisho ndo unachagua ubaki na moja au mawili kwa uzito sawa. Na kwenye vyuo vyao vya zamani degrii hiyo ya kwanza ya sanaa inaitwa MA, kwahiyo ndugu nyumbani walidhani nimesoma masters moja kwa moja. Mwalimu Nyerere aliyosoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952 ilikuwa hiyo hiyo MA, ya masomo mchanganyiko, uchumi, historia, falsafa, ndo utaratibu wao wa siku nyingi kwamba mtu asifungiwe kwenye somo moja angali mdogo. Mimi nilijaza jiografia, uchumi, na ile ya tatu nikaweka historia ya Uskoti kwa sababu tu vipindi vyake havikugongana na vingine. Sikuwa na mapenzi nayo. Mapenzi yalikuja wiki ya tano hivi.

Ilikuwa lekcha ya vita vya Stirling Bridge, 11 Septemba 1297. Mwalimu wa historia akaeleza vizuri, William Wallace na Andrew Moray, viongozi wa Waskoti, wakiwa juu, jeshi la Mwingereza likivuka daraja jembamba la mbao, wapanda farasi wawili wawili tu, Waskoti wakasubiri nusu wamevuka ndo wakashuka. Sawa. Ila mi asubuhi ile ile nilikuwa kwenye darasa la jiografia tumechora jinsi mto Forth unavyojipinda kama nyoka kwenye tambarare yake, tope la bahari ya zamani lililoinuka baada ya barafu kuyeyuka na ardhi kupumua juu, udongo mzito unaokamata kwato. Nikaangalia ramani yangu ya asubuhi, nikaangalia mchoro wa vita. Kile kipande walichovukia kilikuwa ndani ya pindo la mto, maji pande tatu, tope chini. Hawakuwa na pa kukimbilia. Na kwanini wavukie pale? Kwa sababu magharibi ya Stirling palikuwa kinamasi kikubwa, mashariki mto unapanuka kuwa bahari, ukitaka kwenda kaskazini na jeshi lenye mizigo ni pale. Vita vingine vya miaka 17 baadaye, Bannockburn 1314, ni kilomita chache tu kutoka hapo na tope ni lile lile. Nilitoka darasani nikaenda moja kwa moja ofisini kuuliza kama inawezekana kuchukua yote mawili hadi mwisho. Inawezekana, wakasema, watu wachache ndo wanafanya lakini inawezekana.

Na mji wenyewe wa Glasgow ukikaa nao unakufundisha hivyo hivyo. Chuo kiko juu ya kilima cha Gilmorehill, na kile kilima ni udongo uliolundikwa na barafu, mji mzima umejaa vilima vya namna ile kama mayai yaliyopangwa kwenye trei, unapanda unashuka unapanda unashuka mpaka magoti yanaomba msamaha ikifika Ijumaa. Chini kuna mto Clyde ambao zamani ulikuwa mfupi wa kina kiasi kwamba meli kubwa zilikuwa zinaishia Port Glasgow huko chini, ndo miaka ya 1770 mhandisi John Golborne akajenga kuta fupi fupi za mawe kutoka kingo zote mbili ili mkondo wenyewe ukimbie kasi ukwangue mchanga. Fizikia rahisi tu. Lakini muulize sasa nani alitaka mto uwe na kina, na kwa mzigo gani? Tumbaku ya Virginia, sukari ya Jamaika, yaani jasho na damu ya Waafrika. Katikati ya mji kuna Virginia Street na Jamaica Street mpaka leo, unapita pale unakwenda kununua viatu. Chuo chenyewe mwaka 2018 kilitoa ripoti kukiri kwamba kilinufaika na pesa za utumwa japo kilikuwa na watu waliopigania kuukomesha, na 2019 kikasaini makubaliano ya pauni milioni 20 na Chuo Kikuu cha West Indies. Mi nilisoma ile ripoti nikiwa maktaba, usiku, na nikashindwa kuendelea na asainimenti ya kesho yake.

Turudi Strathnaver maana huko ndo nilipoielewa kazi yangu.

Kwenye vitabu vingi vya utalii nyanda za juu za Uskoti zinaitwa pori la asili. Picha nzuri, bonde refu, mto, mlima, hakuna mtu. Watu wanasafiri kutoka dunia nzima kuja kuvuta ule utupu. Na ukisoma jiografia peke yake unaweza ukadanganyika, utaeleza barafu ilivyochonga bonde, utaeleza mvua na asidi ya udongo, utamaliza ukisema ndo maana hakuna watu. Ukisoma historia peke yake nako utabaki na hasira tu, mwenye ardhi mbaya, kondoo, nyumba zinachomwa, basi. Mi swali lililonisumbua ni hili, kwanini wawaondoe wote? Kama walitaka kondoo si wangeweka kondoo mlimani na watu wakabaki bondeni?

Jibu liko kwenye tumbo la kondoo. Kondoo wa Cheviot walioletwa kutoka kusini ni wakubwa, sufu yao ilikuwa na soko zuri kwenye viwanda vya Uingereza, na kiangazi wanaishi mlimani bila shida. Lakini baridi ikija hawawezi kubaki juu, lazima washuke wapate majani mazuri ya chini, la sivyo wanakufa. Na majani mazuri ya chini yako wapi? Yako pale pale, kwenye ule ukijani uliotengenezwa kwa samadi na majivu ya watu. Bonde bila mlima halikuwa na faida kwa mfugaji mkubwa, na mlima bila bonde ulikuwa haufugiki wakati wa baridi. Kwahiyo uzuri wa ile ardhi, ambao wenyeji ndo waliujenga kwa mikono, ndo uliowafukuzisha. Nilipolielewa hilo nilikaa chini kwenye ukuta mmojawapo wa pale Rosal na sikuongea na mtu mpaka tunaondoka.

Aliyesimamia uondoaji 1814 alikuwa Patrick Sellar, wakala wa Countess wa Sutherland, yaani bibi wa kitawala mwenye ardhi ile, na mume wake, na yeye mwenyewe ndo alikuwa amepangishwa shamba la kondoo linalosubiri pale bondeni. Alishtakiwa Inverness mwaka 1816, kesi ikihusu pamoja na mengine kifo cha bibi mmoja, Margaret Mackay, mtu wa karibu miaka mia, aliyetolewa ndani nyumba ikiwa tayari inawaka. Akaachiwa huru. Uondoaji mkubwa zaidi ukaja 1819, na hapo kuna shahidi, Donald Macleod, fundi mawe mzaliwa wa Rosal hiyo hiyo, ambaye baadaye aliandika magazetini kwamba alipanda mahali pa juu kama saa tano usiku akahesabu nyumba 250 zinawaka, na wenye nyumba nyingi aliwajua kwa majina. Watu wakapelekwa pwani, wakagawiwa vipande vya ekari chache kwenye mawe na upepo wa chumvi, wakaambiwa sasa kuweni wavuvi, watu ambao maisha yao yote walikuwa wa ng'ombe na shayiri. Kijiji kimoja huko pwani kinaitwa Bettyhill, jina la Countess mwenyewe, Elizabeth.

Majalada ya lile shamba la Sutherland yako Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Nilikwenda mara kadhaa, unafunua karatasi moja moja, mwandiko mwembamba wa wino wa kahawia, kodi, mbao, chokaa, gharama za barabara, na neno linalojirudia pale ni maboresho. Siwezi kueleza inavyokuwa kusoma neno hilo ukiwa bado una udongo wa Rosal kwenye soli za viatu.

Kitu kingine kilichonishika ni ramani ya William Roy. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 1746, ambapo jeshi la mfalme liliwashinda waasi wa Uskoti, jeshi hilo liligundua halina ramani ya maana ya milima ya Uskoti, linawinda watu mahali lisipopajua, kwahiyo kuanzia 1747 hadi 1755 kijana mmoja wa Lanarkshire, Roy, na timu yake wakatembea nchi nzima na minyororo ya kupimia wakichora mito, mabonde, barabara na makazi. Ni ramani ya askari. Vijiji vimepakwa alama nyekundu ili kamanda ajue watu wako wapi. Siku hizi imewekwa mtandaoni bure na hiyo hiyo Maktaba ya Taifa, unaweza kuilaza juu ya picha ya setilaiti, na tulifanya hivyo kwenye semina kwa QGIS, programu ya bure ya ramani. Ukifuata mto Naver kwenye ramani ya Roy unaona alama nyekundu zimefuatana na maji, moja, nyingine, nyingine, halafu unapunguza rangi ya ramani taratibu hadi inaisha na chini inabaki picha ya leo. Hakuna kitu. Ilichorwa ili watu wale wadhibitiwe na sasa ndo imekuwa shahidi wao mkubwa kwamba walikuwepo. Msichana mmoja aliyekaa pembeni yangu, kwao ni Sutherland, aliizima laptopu akatoka nje kidogo.

Na mtu aliyechimba Rosal kitaalamu, Horace Fairhurst, mwaka 1962, alikuwa mwalimu wa jiografia Glasgow. Wala sio mimi niliyegundua kwamba haya masomo ni kitu kimoja, nilikuta njia imeshapitwa.

Ugumu upo, nisiwadanganye. Utajikuta na vitabu vya historia nane kwa wiki na wiki hiyo hiyo una takwimu za mito za kuchambua. Kusoma miandiko ya karne ya 16 na ya 17 kulinichukua miezi, herufi zao za s na h na c haziko kama zetu, na lugha ni Kiskoti cha zamani, sio Kiingereza ulichofaulia. Kigaeli nilijifunza cha kusomea majina tu, achadh ni shamba, baile ni makazi, àirigh ni kambi ya mlimani ya kulishia na kukamulia mifugo kiangazi. Ukiyajua hayo ramani inaanza kuongea, kilima kisicho na mtu kinaitwa kambi ya maziwa, sasa unajiuliza nani alikuwa anakamua. Rosal yenyewe ni jina la watu wa Norway waliopita huko zamani, lina maana ya uwanda wa farasi.

Na sisi tumo humo ndani, tena kwa majina. Babu yake David Livingstone alitoka kisiwa cha Ulva mwaka 1792 kwa sababu shamba halikuweza tena kulisha familia, akaja Blantyre karibu na Glasgow kwenye kiwanda cha pamba, na humo kiwandani ndo mjukuu alianza kazi akiwa na miaka 10. Mwili wa mjukuu huyo ukabebwa na Chuma na Susi na wenzao hadi Bagamoyo. Swala tomi tunayemuona Serengeti ni jina la Joseph Thomson, mtoto wa Penpont, aliyejikuta anaongoza msafara akiwa na miaka 21 baada ya mkuu wake, Keith Johnston wa Edinburgh, kufia Behobeho mwaka 1879, na aliyemwonyesha njia ni Chuma yule yule. Chama cha Kijiografia cha Uskoti kilianzishwa 1884 na mmoja wa waanzilishi ni binti wa Livingstone. Kwahiyo mjomba, historia ya Waskoti na hii yetu zimefungwa kwenye mzigo mmoja. Wazee wetu waliwabeba hawa watu mabegani, ni haki tukajue walikuwa wametoka kwenye ardhi ya namna gani.

Usiku ule baada ya Rosal nilimpigia bibi Newala. Nikamweleza kuna kijiji huku watu walitolewa zamani, nyumba zimebaki kuta za goti, nimetembea ndani yake. Akasikiliza. Hakuniuliza nani aliwatoa wala kwanini. Akauliza, "Na maji walikuwa wanateka wapi, mjukuu wangu?" Bibi amezaliwa juu ya uwanda wa Makonde, ambako zamani wanawake walikuwa wanashuka mteremko mzima hadi bondeni kufuata maji na kupanda tena na mtungi, kwake yeye kijiji kinaanza na maji. Nikamwambia mto uko karibu, chini kidogo tu. Akasema, "Basi walikuwa na mahali pazuri."

Halafu ndo akaanza kunieleza ya 1974. Alikuwa ameshanigusia zamani lakini sio hivyo. Operesheni Vijiji ilipofika, wakahamishiwa kijiji cha pamoja kando ya barabara, na mikorosho ya babu ikabaki nyuma, mwendo wa mbali, ikaota magugu. Mi sisemi ni sawa na Strathnaver. Huku kwetu nia iliyotangazwa ilikuwa shule, zahanati na maji, na shule kweli zilikuja, mama yangu alisoma hiyo shule, wakati kule mtu alitolewa ili nafasi yake ichukuliwe na kondoo wa mtu mwingine. Tofauti hiyo ni kubwa na naiheshimu. Lakini korosho zilianguka vibaya nchi nzima miaka iliyofuata, na sababu mojawapo ni hii hii ya mkulima kuwekwa mbali na mti wake, na hilo utalielewa tu ukijua mkorosho unatakaje kupaliliwa na mtu mmoja anaweza kutembea umbali gani kwa siku na kurudi. Ni swali lile lile la kondoo na majani ya chini.

Disatesheni yangu ya mwisho niliandika kuhusu Strathnaver, Roy na majalada ya Sutherland. Nilipomaliza na kurudi nyumbani nikatafuta ramani ya zamani ya 1:50,000 ya eneo letu, ile yenye vidoti vidogo vyeusi vya nyumba, nikaitengeneza kwenye laptopu juu ya picha ya setilaiti kama tulivyofanya semina. Mwezi wa nane babu mdogo akanipeleka. Tulitembea saa mbili na nusu. Mikorosho ipo, mirefu, imezubaa, matawi yamegusa chini yakaota mizizi, na katikati kuna uwazi ambao hauna mti hata mmoja, babu mdogo akasema hapa ndo palikuwa uani. Nikachuchumaa nikachomeka vidole. Kuna vigae vya mtungi, kuna jiwe la kusagia limevunjika nusu. Nikapiga pointi za GPS, mti kwa mti.

Jioni nikamwonyesha bibi. Aliishika laptopu kwa mikono miwili kama sinia, akaisogeza karibu na taa, akauliza kaskazini iko wapi, nikamwonyesha. Akaangalia muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya pointi moja.

"Huu sio wa babu yako," akasema. "Huu ni wa jirani yetu, yeye ndo aliupanda. Wa babu yako ulikuwa upande wa njia ya majini, sogeza."

Nikasogeza.

"Sogeza tena."